Fildi ya tiba kazi Tanga, mahali pasipo na mtoa tiba kazi: saa zitahesabiwa, na ubunifu uanzie wapi?

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Ninasoma tiba kazi, fani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku, huko Moshi, lakini kwetu ni Tanga, na kwa ombi langu mwenyewe nimepangiwa fildi ya wiki 8 huku nyumbani. Kituo nitakachokwenda kina chumba kimoja cha utengamao chenye mtaalamu wa fiziotherapia ambaye kila mtu anamsifu, ila hakijawahi kuwa na mtoa tiba kazi. Chuo kimekubali kwa sharti kwamba mwalimu wangu atanisimamia kutoka Moshi, kwa simu na kwa kunitembelea, na kwamba nitarudi na kazi moja ya ubunifu itakayopewa alama zake mbali na ripoti za wagonjwa.

Linalonitia wasiwasi kwanza ni saa. Tunafundishwa kwamba Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba Kazi, WFOT, linataka mwanafunzi awe amefanya mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 1,000 kabla ya kuhitimu, na wiki 8 za saa 40 ni saa 320, yaani karibu theluthi moja ya hesabu yote. Saa hizo zikija kukataliwa kwa sababu hapakuwa na mtoa tiba kazi mahali pale, nitakuwa nimejiponza mwenyewe. Kuna mwenzangu ananishauri nibadilishe kituo mapema, kabla barua hazijatoka.

La pili ni hiyo kazi ya ubunifu. Wenzangu waliopangiwa hospitali kubwa wanazungumzia programu za simu, na splinti, yaani vifaa vya kushikilia kiungo katika mkao wake, za ile plastiki inayolainika kwa maji ya moto. Nilikokwenda kuangalia mimi nimekuta kitanda cha mazoezi, baiskeli ya mazoezi iliyokatika pedali moja, mipira miwili na kabati la plasta. Wagonjwa nilioambiwa nitawakuta ni wa kiharusi kwa wingi, watoto wenye mtindio wa ubongo, vijana wa bodaboda, na mara mojamoja mkono ulioumizwa na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge viwandani. Nibuni nini hapo, na kwa vifaa gani?

Naomba ushauri wa walioko kwenye fani, na hata wa wasio wa fani ikiwa wamewahi kuhudumiwa na wanafunzi kama sisi.

Msimamizi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nianze na saa, kwa kuwa ndilo swali jepesi.

Viwango vya chini vya elimu vya WFOT, vilivyopitiwa upya mwaka 2016, vinataka mwanafunzi asimamiwe na kutathminiwa na mtoa tiba kazi, lakini havimlazimishi huyo msimamizi kushinda jengo moja na mwanafunzi kila siku, hasa mwanafunzi akiwa amefika miaka ya mwisho. Fildi za namna hiyo, ambapo mwanafunzi hupelekwa mahali ambapo taaluma haijafika, zinafanyika Uingereza, Australia na Afrika Kusini, na wanaozipanga huzitumia makusudi kuwaonyesha waajiri kazi ambayo hawakujua kuwa wanaihitaji. Kwa hiyo usibadilishe kituo. Unachohitaji ni maandishi: barua ya chuo inayomtaja msimamizi wako, inayosema mtazungumza siku gani ya wiki na atakuja mara ngapi, na inayoeleza ni nani pale kituoni atakayebeba dhamana ya usalama wa mgonjwa saa ambazo mwalimu yuko mbali. Huyo wa mwisho atakuwa mtaalamu wako wa fiziotherapia. Atakufundisha mengi na atakuzuia usimwangushe mtu, ila usimwombe akutathmini katika tiba kazi, maana utamweka pabaya. Daftari la saa lisainiwe kila wiki. Madaftari yanayosainiwa yote siku ya kuaga ndiyo yanayoleta maneno chuoni.

Sasa ubunifu, na hapa nitakaa kidogo.

Mama wa hapa mjini aliyepata kiharusi, ukimuuliza ni kazi gani iliyomponyoka na inayomuuma, hatakutajia kupanga vijiti kwenye ubao wenye matundu. Atakutajia kukuna nazi, kukanda unga, kutawadha, na kula kwa mkono wake wa kulia mbele ya wageni. Chukua kukuna nazi peke yake, uichambue kama mlivyofundishwa kuchambua kazi. Mtu anashuka kukaa juu ya mbuzi, kiti kilicho chini kiasi kwamba magoti yanapanda juu kuliko nyonga. Hapo umeshaona anavyoshuka, na namna kiwiliwili kinavyojishikilia bila egemeo la mgongo. Anainama mbele kuelekea kwenye meno ya chuma. Kifuu anakikumbatia kwa viganja viwili, viwiko vikiwa vimetanuka, anasukuma na kuvuta huku akikizungusha kidogo kidogo ili meno yakune nyama ya nazi bila kufika kwenye kifuu, na macho yake yanalinda sinia iliyo chini. Ikiwa kiharusi kimepiga upande wa kulia wa ubongo na mgonjwa anausahau upande wake wa kushoto, utaikuta nazi imekunwa nusu, na machicha mengine yamemwagika nje ya sinia bila yeye kutambua. Kwa muda mfupi umepima mizani ya mwili, nguvu ya kushika, ushirikiano wa mikono miwili, umakini na tahadhari, kwa kifaa ambacho karibu kila nyumba inacho. Mkono usiokuwa na hisia usiuache karibu na meno hayo, lakini. Funika chuma kwa kitambaa kizito, afanye mwendo peke yake kwanza, na wewe ukae upande uliopooza.

Ningekuwa wewe, kazi yangu ya ubunifu ingekuwa fomu ya uchunguzi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye kazi tatu au nne za nyumba za Tanga zilizochambuliwa hivyo, nikaitumia na wagonjwa, nikaisahihisha kila baada ya mazungumzo na mwalimu. Usiipachike alama za kujumlisha. Fomu ambayo haijafanyiwa utafiti inaweza kueleza vizuri anachofanya mtu mmoja; haiwezi kumlinganisha na jirani yake. Kwa upande wa alama tumia kipimo cha Kanada kinachoitwa COPM, ambacho mgonjwa mwenyewe anataja kazi zilizo muhimu kwake, kisha anajipa 1 hadi 10 kwa anavyoziweza na 1 hadi 10 kwa anavyoridhika nazo. Alama zikipanda kwa 2 au zaidi, mabadiliko hayo huhesabiwa kuwa ya maana, na mwalimu wako hatakuwa na la kubisha.

Neno moja kuhusu mkono wa kulia. Vitabu vyetu vingi vimeandikwa mahali ambapo mtu aliyepooza mkono wa kulia huambiwa ahamie wa kushoto na mambo yakaisha. Hapa Pwani kumwambia mzee ale kwa kushoto mbele ya wajukuu zake ni jambo la kuzungumza naye kwanza, peke yake, kabla hujamkabidhi kijiko. Wako watakaokubali bila taabu kwa kuwa mwenye udhuru ana ruhusa yake. Wako watakaosema wanataka kula kwa mkono wa kulia hata ikichukua nusu saa. Kwa hao wa pili, kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uzungushe kwenye mpini wa kijiko mpaka unenepe vya kutosha kushikwa na vidole dhaifu. Tyubu hazijawahi kuadimika Tanga, na mpira hautelezi hata ukilowa mchuzi.

Mtoa Tiba Kazi wa Mikono

Nakubaliana na mzee kwa sehemu kubwa, ila naona amewapendelea wagonjwa wa kiharusi. Kijana aliyeingiza mkono kwenye korona, au mvuvi aliyelipukiwa na baruti ya kuvulia, hawezi kusubiri fomu ikamilike. Mkono ulioshonwa au kuungua hukakamaa haraka sana, na kiungo kikishakakamaa katika mkao mbaya miezi ya mazoezi haikirudishi chote. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ubunifu ni kumpatia splinti siku ambayo daktari ameiruhusu, kwa kitu kilichopo kabatini.

Umesema kuna plasta. Basi unayo splinti. Bamba la plasta lenye tabaka nane hadi kumi, likiwekwa upande wa kiganja juu ya pamba na kufungwa bandeji, linaweza kuushika mkono katika mkao salama tunaoufundisha wote: kifundo cha mkono kimeinuliwa nyuzi 20 hadi 30, viungo vya mizizi ya vidole vimekunjwa nyuzi 70 au zaidi, vidole vyenyewe vimenyooka, na kidole gumba kimetengwa na kiganja. Pamoja na hayo, kano zilizoshonwa zina masharti yake, na mkao hutegemea ni kano za upande gani. Hapo ni lazima uzungumze na daktari aliyeshona na mwalimu wako kabla hujagusa kitu.

Watu watakushauri mabomba ya plastiki ya maji. Ni kweli yanatumika katika nchi nyingi zisizo na fedha za plastiki maalumu, nami nimeyatumia, ila kuna mambo mawili ambayo waliokuonyesha kwa haraka huwa hawayataji. Bomba la PVC hulainika kwa joto ambalo ngozi haiwezi kulivumilia, kwa hiyo halifinyangwi juu ya mkono wa mgonjwa kabisa. Unachukua kwanza sura ya mkono kwa plasta, unapata kielelezo kigumu, kisha unalifinyanga bomba juu ya kielelezo hicho na kulipiga msasa kingo zote. La pili, usilipashe juu ya mkaa wala moto wa wazi. Likiungua linatoa gesi yenye asidi inayochoma mapafu, na chumba kimoja chenye dirisha dogo si mahali pa mchezo huo.

Splinti yoyote utakayotengeneza, ivalishe kwa nusu saa, uivue, uangalie ngozi. Wekundu unaotoweka ndani ya dakika 20 au 30 si neno. Usipotoweka, splinti inabana, na mgonjwa asiende nayo nyumbani hata kama nauli ya kurudi ni shida. Wagonjwa wa mkonge wengi wanatoka mbali, ndiyo maana nakwambia nusu saa hiyo uipange ndani ya miadi, usiiache iwe ya kubahatisha.

Mama wa Makorora

Mimi si mtaalamu, lakini umetukaribisha na sisi tuliohudumiwa, kwa hiyo nitasema.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo na sasa ana miaka sita. Amepitia mikononi mwa wanafunzi wengi, na sina chuki nao, maana wengi wao walikuwa wapole kuliko watu wazima waliowasimamia. Shida yangu ni kwamba kila anayekuja anaanza upya. Anauliza mimba ilikuwaje, uchungu ulichukua saa ngapi, mtoto alilia au hakulia, akishaandika yote anaondoka, na anayefuata anayauliza yaleyale kana kwamba hapakuwa na mtu kabla yake. Kuna mwaka nilikataa kujibu.

Kisha kuna habari ya kiti. Tulitengenezewa kiti cha mbao kizuri sana, chenye meza yake na mikanda, wakaja wakapiga picha. Kiti hicho hakikuweza kupita kwenye mlango wa chumba chetu mpaka meza ikang'olewa, na kikishaingia hapakuwa na pa kuweka miguu. Nikakiweka uani. Mvua ikija nahangaika nacho, jua likiwaka mbao zinachoma, na mtoto mwenyewe alikuwa anataka kukaa pale ninapopikia ili aone watu. Mwisho kikawa cha kuwekea ndoo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumba yangu ina upana gani, wala mtoto hukaa na nani ninapokwenda sokoni. Anakaa na bibi yake, ambaye hawezi kuinua kitu kizito.

Kwa hiyo binti yangu, kama wewe ni binti, njoo nyumbani kwanza. Njoo saa za kupika usije saa ambazo nimeshafagia na kutandika mkeka kwa ajili ya mgeni. Utaona mambo ambayo ukiniuliza hospitalini sitakumbuka kuyasema.

Mwalimu wa Vitendo

Nimesoma ujumbe wa Mama wa Makorora mara mbili, na ningekuwa na madaraka ningeuweka kwenye mtaala.

Kuhusu viti vya watoto, kuna njia ambayo ingetatua sehemu ya malalamiko yake, nayo ni viti vya makaratasi. Ufundi huu ulianzishwa Zimbabwe na mwalimu aliyeitwa Bevill Packer, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika na kwingineko. Maboksi yanakatwa vipande, yanapakwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa kama uji mzito, yanalazwa moja juu ya jingine huku mifereji ya boksi moja ikipishana na ya jingine, kisha yanawekewa uzito mpaka yashikane yawe kama ubao. Viungo vinaimarishwa kwa vijiti vya karatasi zilizoviringishwa, sura yote inabandikwa vipande vidogo vya karatasi, inakaushwa na kupakwa vanishi. Kiti kinachotoka humo ni chepesi, bibi anaweza kukiinua, na mtoto akikua kinatengenezwa kingine bila mtu kulilia bei ya mbao. Adui yake ni maji. Kwa hali ya hewa ya Tanga, kiti kikitengenezwa katikati ya masika, kati ya Machi na Mei, kitachukua muda mrefu mno kukauka ndani, na gundi ya unga isiyokauka huota ukungu na kuita wadudu. Ligonge boksi kwa ukucha: lililokauka linalia kama ubao, lenye unyevu linatoa sauti iliyokufa. Usipake vanishi kabla halijalia.

Vipimo ni vilevile vya kiti chochote. Kina cha kiti ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukipunguza upana wa vidole viwili. Urefu wa kutoka chini ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike kwa pembe ya mraba, na meza ifike usawa wa kiwiko. Ongeza vipimo viwili ambavyo havimo vitabuni: upana wa mlango, na nafasi iliyopo kando ya jiko.

Umetaja wenzako wenye programu za simu. Sipingi teknolojia, na hata mafunzo ya kuigiza, ambapo mwanafunzi humhudumia mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa, yana ushahidi mzuri: jaribio lililofanywa katika vyuo vikuu 6 vya Australia, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018, lililinganisha wiki moja ya kuigiza na wiki moja ya kituoni, na ujuzi wa wanafunzi ukaonekana kuwa sawa. Ilikuwa wiki moja, lakini, na ilipangwa na kusimamiwa kwa ukamilifu ambao vituo vingi havina. Marekani nako viwango vya ithibati vinaruhusu kuigiza katika hatua ya kwanza ya mafunzo, huku hatua ya pili ikibaki kuwa wiki 24 za kazi yenyewe kwa mtoa tiba kazi. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba unaweza kufanya mazoezi ya kumhamisha mgonjwa kitandani, au ya kumhoji mzazi kama huyu mama, na mwenzako akiigiza, kabla hujawaendea wenyewe. Hata huko Tanga unaweza, ukimpata muuguzi mmoja mwenye nusu saa.

Ukipata ruhusa ya chuo, omba siku za kutembelea Lushoto na Korogwe. Lushoto kuna shule ya Irente Rainbow inayofundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, na Korogwe, juu milimani Usambara, kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani. Lutindi wagonjwa wanashiriki kazi za shamba na karakana kama sehemu ya tiba. Nenda ukaangalie kwa macho ya fani yako. Chama cha kwanza cha tiba kazi kilipoundwa Marekani mwaka 1917, miongoni mwa waasisi walikuwamo daktari wa magonjwa ya akili, wasanifu majengo wawili na mwalimu wa kazi za mikono, na wazo lililowaunganisha lilikuwa hilohilo la kumrudishia mgonjwa mpangilio wa siku kwa kazi yenye maana. Mahali popote ambapo mgonjwa anafanya kazi, hata hivyo, mwanafunzi anapaswa kuuliza: kazi hii imechaguliwa kwa ajili ya nani? Kama mtu alikuwa mshona kofia na amepewa jembe kwa sababu ndilo lililopo, hiyo ni shughuli ya kumpitishia siku, na bado haijawa tiba kazi. Mimi ningeandika ripoti nzima juu ya swali hilo, na nisingehitaji kifaa hata kimoja. Lakini hayo ni mapenzi yangu. Wanafunzi wengi hupenda kitu cha kushika.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Ahsanteni sana nyote. Mama, ni binti, na nitakuja saa za kupika ukiridhia. Nitamwomba mtaalamu wa kituoni anitambulishe kwanza kama utaratibu unavyotaka.

Nimeamua kubaki na kituo changu. Nimemwandikia mwalimu kuomba barua yenye mambo manne aliyoyataja mzee, na nimependekeza fomu ya kazi za nyumbani iwe ndiyo kazi ya ubunifu, nikianza na kukuna nazi, kutawadha na kula. Kuhusu lile alilolalamikia mama la kuulizwa upya kila mara, nimefikiri niongeze ukurasa wa pili ambao utabaki kwa mgonjwa mwenyewe, wenye historia fupi, malengo yake, vifaa alivyopewa na vile ambavyo havikufaa, ili mwanafunzi atakayekuja baada yangu aanzie hapo.

Limebaki jambo moja. Mwalimu wangu anataka nimtumie picha na video fupi za wagonjwa kwa WhatsApp ili aone mkao na splinti kabla ya mazungumzo yetu ya wiki. Je, inaruhusiwa?

Msimamizi Mstaafu

Ukurasa huo wa pili ni mzuri. Andika kwa herufi kubwa, na mgonjwa auweke pamoja na kadi yake ya kliniki.

Kuhusu picha, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ziko katika kundi linalolindwa zaidi. Kwa hiyo usitume chochote kabla ya ridhaa ya maandishi ya mgonjwa, au ya mzazi akiwa mtoto, na kabla ya uongozi wa kituo kujua. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma, itaje nani ataona picha, ni kwa kazi gani, na zitafutwa lini. Atakayekataa asipunguziwe huduma wala kuulizwa sababu. Usipige uso pale ambapo mkono au mgongo unatosha, usiandike jina wala namba ya faili pamoja na picha, na zima ile hali ya simu kuhifadhi picha zenyewe kwenye albamu, kwa kuwa simu za wanafunzi hushikwa na watu wengi. Mara nyingi utagundua kwamba mchoro wa kalamu wenye nyuzi za viungo ulizopima unamtosha mwalimu, na kwa splinti ni bora kuliko picha, maana picha haionyeshi kifundo kimeinuliwa nyuzi ngapi.

Mtoto wa Mama wa Makorora, akiridhia mama yake, mpigie mwalimu simu ya video mkiwa hapo jikoni. Hiyo haibaki mahali popote, na mwalimu ataona mwenyewe jiko liko wapi na mlango una upana gani.